Mhuni, Mzururaji na Sheria

Katika Kiswahili cha wazee wa mwambao, mhuni alikuwa mtu asiyeoa. Hakuwa na mke, basi hakuwa na nyumba ya kutajwa kwa jina lake. Alilala barazani kwa jamaa, akala palipopikwa. Neno lilikuwa na utani ndani yake, wala halikuwa na pingu. Dar es Salaam ya kikoloni ililichukua neno hilo hilo ikalifikisha kizimbani: mhuni akawa kijana asiye na kazi wala chumba, anayetakiwa kuondoka mjini.

Safari ya neno hili ndiyo safari ya sheria. Waingereza walitunga sheria ya mafukara mwaka 1923, na mwaka 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu. Vifungu ambavyo katika chapa za baadaye ni vya 176 na 177 vina ukoo na Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon, askari waliorejea wakiombaomba njiani. Kwa vifungu hivyo, aombaye hadharani ana kosa; na mshukiwa asiye na njia ya kujikimu inayoonekana, asiyeweza kujieleza vyema, ni mzururaji.

Msomaji atazame kilichoachwa. Sheria haikuuliza: umekosaje pa kulala? Iliuliza: u nani, na hapa unafanya nini? Kukosa paa hakukuwa shida ya kuondolewa, bali ushahidi dhidi ya aliyelikosa.

Mwaka 1944 ikaja sheria ya kuwaondoa mijini “wenyeji wasiotakiwa”, na asiye na kazi ya kudumu akaweza kurudishwa kwao. Wakati huo Kariakoo ilikuwa imefurika, wapangaji wakibanana katika vyumba vya nyumba za Kiswahili. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo mitaa ya Temeke, Magomeni na Kinondoni ilipopanuliwa kwa makazi ya Waafrika. Mkono mmoja ulijenga, wa pili ulifukuza, na waliofukuzwa aghalabu walirudi.

Uhuru wa mwaka 1961 haukuvifuta vifungu hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wasio na kazi walihamishiwa kijiji cha Gezaulole, wakati huo Temeke na leo Kigamboni. Jina lake kwa Kizaramo ni “jaribu uone”. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikapitishwa Sheria ya Nguvu Kazi. Watu walisakwa mitaani, wakapelekwa vijijini; wengi wao pia walirudi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali ya mkoloni na ya mwananchi zote zilishika nusu ya pili ya methali. Zile siku mbili za chakula na malazi zikasahauliwa.

Si kwamba njia nyingine haikujulikana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande. Lakini Desemba 2015 nyumba zilibomolewa katika bonde la Msimbazi, upande wa Kinondoni. Waliokuwa na paa asubuhi hawakuwa nalo jioni, na jina walilopewa lilikuwa jipya: wavamizi.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yana wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri. Hayana nguvu ya hukumu. Hata hivyo yamelivua kosa lile vazi lake la karne mbili.

Kazi iliyobaki ni ya wabunge, na kwa sehemu ni yetu sisi tunaoishi kwa maneno. Mhuni, mzururaji, mvamizi: kila jina linamhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Waswahili tuna tamko la zamani lisilomhukumu yeyote: hana pa kulala. Anayelisikia tamko hilo hatafuti pingu; hutazama ndani kama kuna mkeka.