Kitalu cha Isongole

Gari likitoka Uyole kuelekea Tukuyu huanza kupanda mlima mapema, na kabla abiria hajazoea baridi tayari yuko Isongole. Barabarani kumepangwa magunia ya viazi mviringo, karoti zilizooshwa zikang'aa, na kabichi zilizorundikwa juu ya majani yake zenyewe. Kabichi ndiyo yenye historia ndefu kuliko inavyoonekana, kwa sababu haikufika pale kwa kupandwa tu shambani. Ililazimu kwanza watu wajifunze kuilea ikiwa changa.

Isongole hii ni ya Rungwe. Isichanganywe na Isongole ya Ileje, mpakani mwa Malawi. Iko kwenye mabega ya milima ya Uporoto, mashariki ya Ziwa Ngozi, kati ya Wasafwa na Wanyakyusa. Udongo wake umetoka tumboni mwa dunia: Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita ukamwaga mawe mepesi na majivu eneo lote, na Ngozi ililipuka mara ya mwisho takriban mwaka 1450. Udongo wa namna hiyo ni laini, hupitisha maji na hauchoshi jembe. Tabia yake mbaya ni kuikamata fosforasi isiifikie mizizi, na ndiyo maana mkulima wa huko haachi samadi.

Kabla ya kabichi, mboga ya nyanda hizi ilikuwa majani ya maboga, majani ya maharage na mnafu, ambao hujiotea wenyewe penye rutuba. Hakuna aliyeutengenezea mnafu kitalu. Hata hivyo, kupanda kitu kilicho hai badala ya mbegu kavu halikuwa jambo geni Rungwe. Chini kidogo, kuelekea Tukuyu, migomba ilihamishwa kwa machipukizi, magimbi kwa vichwa vyake na viazi vitamu kwa marando. Mtu aliyeuhamisha mgomba kutoka kwa baba yake hadi kijiji kipya alikwishajua kwamba mmea una siku zake za kulegea kabla ya kushika.

Mwaka 1891 walifika Wamoravian wanne kutoka Ujerumani: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Kituo chao walikijenga chini ya Mlima Rungwe. Mwaka huohuo Alexander Merensky aliwaongoza wenzao wa Misheni ya Berlin katika nchi hiyohiyo. Mmisionari wa enzi hizo hakukaa mahali bila bustani, kwani hakukuwa na duka la kumuuzia mboga aliyoizoea. Mbegu zilikuja kwa meli, zikapandishwa ziwa Nyasa, zikafika Rungwe kwa vichwa vya wapagazi. Mikono iliyochimba, kumwagilia na kupalilia bustani zile ilikuwa ya wenyeji, na kazi ya namna hiyo haiishii kwenye ua wa mwenye bustani.

Lugha yenyewe inasimulia. Kitalu, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kilikuwa ukuta wa mawe au ua unaozunguka mahali. Leo mkulima akisema kitalu anamaanisha tuta la kulelea miche, pengine kwa sababu miche nayo ilihitaji kuzungushiwa ua, mbuzi na kuku wasiifikie. Lipo pia neno kongwe, kuatika, yaani kupandikiza miche, ambalo wapanda mpunga wanalijua vizuri.

Zao lililofundisha kitalu kwa upana zaidi lilikuwa kahawa, si kabichi. Chai ilipandwa Kyimbila mwaka 1904, na kati ya vita viwili vya dunia kahawa ikaenea katika mashamba ya Wanyakyusa. Mbuni hauna njia ya mkato: hukaa kitaluni miezi mingi chini ya kivuli, kisha huhamishwa mvua zikiwa zimetulia. Isongole ni baridi mno kwa kahawa, lakini ndugu na wakwe walikuwa wakipanda na kushuka barabara ileile. Huku juu, katika milima ya Uporoto, pareto nayo ilitaka miche. Kwa hiyo kabichi ilipoanza kuwa mali, elimu ya kuilea ilikuwa imekwisha kutangulia kupitia mazao mengine.

Mali ilitokana na soko. Dhahabu ya Lupa, Chunya, iliwavuta maelfu ya watu katika miaka ya 1920 na 1930, na mji wa Mbeya ukaanzishwa mwaka 1927. Wachimbaji hawalimi, wanakula, na Rungwe ikawa ghala lao. Kenya nayo iliona jambo kama hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilipojenga kiwanda cha kukausha mboga huko Karatina ili kulisha askari. Wakulima wa Nyeri walihimizwa kulima, wakalima kwa bidii, na vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, wakabaki na mboga na uchungu. Rungwe haikutegemea mnunuzi mmoja, na hiyo ilikuwa bahati kubwa.

Na mbegu je? Hapa ndipo kabichi inapotofautiana na karibu kila kitu kilichomo shambani. Kabichi ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hufunga kichwa. Wa pili, baada ya kupitia baridi kali ya wiki nyingi, ndipo hupanda shina, hutoa maua ya manjano na kuzaa mbegu. Baridi ya Isongole inang'ata, lakini si ya Uholanzi. Ndiyo maana mkulima aliyejiwekea mbegu yake ya maharage, mahindi na ulezi, na aliyechagua viazi vya mbegu kutoka gunia lake mwenyewe, kwa kabichi alilazimika kununua kikopo kilichotoka mbali. Vikopo hivyo viliandikwa majina ya miji asiyoijua: Copenhagen Market, Glory of Enkhuizen. Enkhuizen ni mji mdogo wa bandari nchini Uholanzi, na aina hiyo ilianza kuuzwa na Sluis & Groot mwaka 1899. Kampuni hiyo baadaye ilinunuliwa na Sandoz ya Uswisi, na kwa miunganiko iliyofuata ikawa sehemu ya Syngenta, iliyoundwa mwaka 2000. Mkulima wa leo anayenunua chotara ya Gloria F1 ni mteja wa ukoo uleule wa wauza mbegu.

Mbegu, basi, haijawahi kuwa ya Isongole. Kilicho chake ni malezi.

Malezi hayo yana kalenda yake. Ulaya hungoja majira ya kuchipua, theluji iishe. Isongole hungoja kipupwe kiishe: Juni hadi Agosti baridi ni kali, na sakitu inaweza kuunguza majani usiku mmoja. Septemba jua likirudi, tuta la kitalu huinuliwa karibu na maji, upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Nyasi kavu huchomwa juu yake, moto uue vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaokata shingo za miche ikalala chini kama iliyofyekwa. Samadi iliyooza huchanganywa, mistari huchorwa kwa kijiti, mbegu hudondoshwa na kufunikwa udongo mwembamba, kisha matandazo ya nyasi. Mbegu zikichomoza, nyasi zinaondolewa juu ya udongo na kuinuliwa kuwa paa dogo la kivuli. Anayechelewa kuziondoa kwa siku mbili atapata miche mirefu, myeupe, isiyo na nguvu.

Kisha ni maji asubuhi na jioni, na kumwinda sota, kiwavi anayejificha udongoni mchana na kukata miche usiku. Wiki nne hadi sita zikipita, mche una majani manne au sita. Wiki ya mwisho maji hupunguzwa na kivuli hupunguzwa, mche uonje ukali kidogo. Huu ndio ufundi unaowashinda wengi, kwa sababu unataka moyo mgumu kwa kitu ulichokilea. Novemba mvua ikishika, miche hung'olewa na udongo wake na kupandikizwa jioni, jua likiwa limepoa.

Utafiti nao ulisogea jirani. Kituo cha Uyole, kilichokuzwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za Nordiki, sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kwa viazi kilitoa aina kama Kikondo, iliyopendwa sana Mbeya. Miaka ya karibuni trei za plastiki zimeingia, zenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, badala ya udongo, na wapo vijana wanaoishi kwa kuuza miche, wakitumia ujuzi uleule wa kulea ulioletea Rungwe jina kwa miche ya parachichi ya kubebesha. Mche wa trei hauchomolewi mizizi ikakatika, na kwa mbegu chotara iliyo ghali hilo si jambo dogo. Trei ina haki ya kusifiwa.

Lakini kuna jambo moja la kuangalia. Bustani nyingi za kitalu ziko mabondeni kwa ajili ya maji, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vijito vya hapa hulisha mto Kiwira. Wenye vitalu na wasogeze matuta yao juu, wachote maji kwa ndoo au wayavute kwa mpira. Septemba ijayo ndiyo nafasi ya kuanza.