Slade: Miaka 60 ya Sahani Zilizobeba Vishindo vya Watu

Mwaka 1966 vijana wanne wa Black Country, ule ukanda wa katikati ya Uingereza uliopata jina lake kwa masizi ya makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya chuma, walianza kupiga muziki pamoja. Noddy Holder, mtoto wa msafisha madirisha wa Walsall, aliimba na kupiga gita. Jim Lea, mdogo kuliko wenzake, alishika gita la besi ingawa alikuwa amefunzwa fidla na kuipiga katika okestra ya vijana ya Staffordshire. Dave Hill alikuwa na gita la solo. Don Powell wa Bilston, aliyewahi kufanya kazi ya kupima ubora wa chuma kiwandani, alikaa kwenye ngoma. Walijiita The 'N Betweens. Dunia ilikuja kuwafahamu kama Slade, na kitabu cha kumbukumbu za chati cha Waingereza kimewataja kuwa kundi la nchi hiyo lililofanikiwa kuliko yote kwa mauzo ya singo katika miaka ya 1970.

Wanahistoria wa muziki huwaweka katika fungu la glamu roki, pamoja na T. Rex na Sweet, na ni haki, maana walivaa nguo za kumetameta na viatu vya soli nene kama wengine. Lakini ukizisikiliza sahani zao kwa mfuatano unakuta jambo ambalo wenzao hawakuwa nalo kwa kiasi hicho. Marc Bolan wa T. Rex aliimba kama mtu anayemnong'oneza msikilizaji mmoja chumbani. Slade waliimba pamoja na ukumbi mzima, na kwa karibu miaka 20 walitafuta kila njia ya kuuingiza ukumbi huo ndani ya santuri.

Walianza kwa kusuasua. Singo yao ya kwanza, You Better Run ya mwaka 1966, ilisimamiwa na Mmarekani Kim Fowley na haikuuzika. Mwaka 1968 walikwama miezi kadhaa huko Freeport, Bahama, ambako mpango wa kazi uliharibika wakabaki na deni la hoteli, ikabidi wapige muziki klabuni mpaka deni lipungue. Ninaamini miezi ile iliwafunza kuliko studio yoyote, kwa kuwa mwanamuziki anayelazimika kupiga kila usiku mbele ya watu wasiomjua hujifunza haraka ni wimbo gani unaowainua vitini. Mwaka 1969 kampuni ya Fontana ikawachukua, ikawataka wabadili jina. Inasimuliwa kuwa katibu mmoja wa ofisini hapo aliyekuwa na mazoea ya kuvipa majina vitu vyake, mkoba ukiitwa Ambrose na viatu Slade, ndiye chanzo cha jina Ambrose Slade lililoandikwa kwenye albamu yao ya kwanza, Beginnings. Albamu ilirekodiwa harakaharaka, nyimbo nyingi zikiwa za kuazima, ikapotea.

Mwaka huohuo Chas Chandler aliwasikia wakipiga katika klabu moja ya London. Chandler alikuwa mpiga besi wa The Animals, kisha akawa meneja wa Jimi Hendrix, kwa hiyo alijua kipaji kinavyonolewa. Akawachukua, akalikata jina likabaki Slade, akawanyoa nywele na kuwavisha buti na mikanda ya begani kama skinihedi, vijana wa vipara waliojulikana kwa fujo, ili magazeti yawaandike. Magazeti yaliandika, lakini wenye kumbi waliogopa fujo, na albamu ya Play It Loud, iliyotolewa na Polydor mwaka 1970, haikugusa chati.

Mwaka 1971 mambo yalibadilika kwa sababu ya uamuzi mmoja wa busara. Wimbo waliokuwa wakifungia maonyesho yao ulikuwa Get Down and Get With It, ambao Little Richard alikuwa ameurekodi kabla yao. Mwimbaji anawaamuru watu wapige makofi, wapige miguu chini, na ukumbini watu walitii. Chandler akataka urekodiwe hivyohivyo, pamoja na vishindo vyake. Ukafika nafasi ya 16. Hapo akawaambia sasa waandike wao wenyewe. Lea akaenda nyumbani kwa Holder na fidla yake. Wote wawili walipenda ule muziki wa jazi wa Django Reinhardt na Stéphane Grappelli, na katika muda usiozidi nusu saa wimbo ukawa umekamilika. Kwa masikio yao ulikuwa laini mno, hivyo wakaongeza buti na makofi studioni, na jina lake wakaliandika kwa makusudi vile wanavyotamka watu wa kwao: Coz I Luv You. Novemba 1971 ulikaa namba moja kwa wiki nne. Walimu wa shule walilalamika kuwa kundi linawaharibia watoto tahajia, nao Slade wakaendelea kuandika majina ya nyimbo kwa mtindo ule miaka miwili zaidi.

Sahani ninayoiheshimu kuliko zote ilirekodiwa Oktoba ya mwaka huohuo. Chandler alikodi Command Studios, Piccadilly, mahali penye jukwaa na viti, wakaalikwa mashabiki wapatao 300 wa klabu ya kundi, na kwa siku tatu Slade wakapiga kama walivyopiga kila wiki huko mikoani. Slade Alive! ikatoka mwaka 1972 ikiwa na nyimbo saba tu. Wakati huo albamu za jukwaani zilihesabiwa kuwa kitu cha kujazia pengo kati ya albamu mbili za studio. Hii ilifika namba mbili Uingereza na ikabaki kwenye chati kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Australia ikawa namba moja. Ukiisikiliza huwezi kutenganisha kundi na watu. Katika wimbo wa taratibu wa John Sebastian, Darling Be Home Soon, Holder anafika mahali pa mahaba kabisa kisha anacheua kwenye maikrofoni. Hawakuufuta mcheuo ule. Mashabiki waliununua pamoja na wimbo, na baadaye wakawa wanaungojea kila Slade walipoupiga wimbo huo.

Baada ya hapo sahani zilifuatana bila kupumua. Take Me Bak 'Ome na Mama Weer All Crazee Now zote zilikuwa namba moja mwaka 1972, Gudbuy T'Jane ikawa ya pili, na albamu ya Slayed? ikapanda mpaka kileleni mwanzoni mwa 1973. Polydor walikuwa wakitoa singo kila baada ya miezi mitatu au minne, na kundi likitumia muda uliobaki barabarani. Mama Weer All Crazee Now yenyewe ilitokana na ukumbi: Holder alitazama viti vilivyovunjika baada ya onyesho mojawapo la London, na wazo likamjia. Machi 1973 Cum On Feel the Noize iliingia chati moja kwa moja namba moja, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu Get Back ya The Beatles mwaka 1969. Ili hilo litokee ilibidi umati wa watu uwe umeagiza sahani dukani kabla hata ya kuisikia. Miezi michache baadaye Skweeze Me Pleeze Me ikafanya vilevile.

Na mavazi? Hill ndiye aliyeyabeba zaidi, na yale magauni yake ya fedha na nywele zilizokatwa kama bakuli yalimfanya kila mtoto wa Uingereza amjue. Holder alikuwa na kofia ndefu nyeusi aliyoibandika vioo vya duara kwa mkono wake, ili taa moja ikimulikwa kichwani mwake miale isambae ukumbi mzima, impate hata mtu wa safu ya mwisho. Kofia hiyo, kwa masimulizi ya Holder mwenyewe, aliinunua Kensington Market, London, kwa kijana aliyekuwa na kibanda cha nguo pale kabla hajapata jina. Kijana huyo ni Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja.

Julai 1, 1973 Slade walijaza ukumbi wa Earls Court, London, watu wapatao 18,000. Siku tatu baadaye Don Powell alipata ajali ya gari Wolverhampton. Mchumba wake alifariki. Yeye mwenyewe alizimia siku kadhaa, na alipozinduka alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa na kuonja, na kumbukumbu ya mambo ya karibuni ilikuwa imevurugika. Wenzake hawakumtafutia mbadala wa kudumu. Ndugu yake Lea alishika ngoma kwa maonyesho mawili, kisha wakamngoja Powell, na majira ya joto hayohayo wakaenda naye New York, studio za Record Plant. Huko ilibidi akumbushwe sehemu zake kipande kwa kipande.

Ndani ya siku zile za jasho walirekodi wimbo wa Krismasi. Kiitikio chake kilianzia kwenye wimbo wa Holder wa miaka ya 1960 ambao haukuwahi kutumika, na muziki wa beti ukatungwa na Lea. Studioni walikuta kinanda cha upepo ambacho John Lennon alikuwa akikitumia, wakakiazima. Mwangwi wa chumba haukuwatosha, hivyo wakatoka kuimba kiitikio kwenye korido ya jengo, huku Wamarekani waliokuwa wakipita kwenda kazini wakiwashangaa Waingereza wanaoimba Krismasi katikati ya kiangazi. Kwa sikio langu, korido ile ndiyo inayoupa wimbo uhai wake: unasikia watu waliosimama bega kwa bega.

Merry Xmas Everybody ilitoka Desemba 7, 1973. Uingereza ilikuwa katika giza la kweli: mgogoro wa mafuta, wachimba makaa kugoma kufanya saa za ziada, umeme wa kupimiwa, na serikali ikitangaza wiki ya kazi ya siku tatu. Hata plastiki ya kutengenezea santuri, ambayo hutokana na mafuta, ilikuwa haba. Maagizo ya awali yalipita uwezo wa kiwanda cha Polydor, ikabidi nakala nyingine zichapwe nje ya nchi. Wimbo uliingia moja kwa moja namba moja, ukakaa wiki tano, mpaka katikati ya Januari, na nakala zaidi ya milioni zikauzwa. Huu ulikuwa wa tatu wao kuanzia kileleni katika mwaka mmoja, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yao.

Ulikuwa pia namba moja wao wa mwisho nchini mwao. Mwaka 1974 walipunguza kelele. Far Far Away, ambao Holder aliuwazia Memphis akiutazama mto Mississippi, ulifika nafasi ya pili, na yeye huutaja kuwa ndio aupendao zaidi. Kisha wakatengeneza filamu, Slade in Flame, iliyoongozwa na Richard Loncraine. Badala ya vichekesho walivyotarajia mashabiki, filamu ilionyesha bila huruma jinsi biashara ya muziki inavyowanyonya na kuwagombanisha vijana wa kundi. Wengi hawakuipenda mwaka 1975. Leo wahakiki wanaihesabu kati ya filamu bora za muziki zilizowahi kutengenezwa Uingereza, na How Does It Feel, wimbo wake mkuu wenye piano na tarumbeta, ulioishia nafasi ya 15, ni kazi nzuri kuliko nyingi za zile zilizofika kileleni.

Wakahamia Marekani kujaribu bahati, na bahati haikuitika. Waliporudi, muziki wa panki ulikuwa umeshika vijana. Albamu ya mwaka 1977 waliipa jina Whatever Happened to Slade, na haikuingia chati. Wakarudi kwenye kumbi ndogo, na Hill akawa tayari ameondoka moyoni.

Agosti 1980 Ozzy Osbourne alijitoa tamasha la Reading dakika za mwisho, na waandaaji wakawaita Slade. Chandler alimbembeleza Hill apande jukwaani mara moja zaidi. Umati wa vijana wa muziki mzito, wengi wakiwa watoto wakati wa Coz I Luv You, ulizijua nyimbo zote, na ukadai Krismasi mwezi wa nane. Holder akawaachia waimbe wenyewe. Cheapskate, kampuni ya Chandler mwenyewe, ikatoa sahani ndogo ya onyesho lile, na mwaka uliofuata We'll Bring the House Down, iliyotungwa kwa kuiga sauti ya umati wa Reading, ikaingia 10 bora.

Mwaka 1983 Quiet Riot wa Los Angeles waliirudia Cum On Feel the Noize ikafika nafasi ya tano Marekani, na mlango ukafunguka kwa wenyewe. Wakiwa na mtayarishaji John Punter walitoa My Oh My, nafasi ya pili Uingereza, na Run Runaway, iliyowaingiza 20 bora za Marekani baada ya miaka zaidi ya kumi ya kujaribu. Singo ya mwisho ya wote wanne kuingia chati, Radio Wall of Sound, ilitoka 1991. Holder aliacha kundi mwaka uliofuata, Lea naye akapumzika. Hill aliendelea kuzunguka na jina hilo.

Sahani zao zinachapwa upya mpaka leo, nyingine kwa plastiki ya rangi, na kila Desemba wimbo wa korido ya New York unarudi kwenye chati. Anayetaka kuwafahamu Slade asianzie kwenye mikusanyo ya nyimbo bora. Aanze na Slade Alive!, aongeze sauti, kisha aende Slayed?, halafu albamu ya filamu ya Slade in Flame. Ataisikia miaka minne ambayo kundi na mashabiki wake walikuwa sauti moja.