Mishiri ya Mwea na gramu moja katika tani 50

Mishiri, yale maharagwe machanga yanayoliwa na maganda yake, haina subira. Ikianza kuzaa, mkulima wa Mwea, Kenya, huichuma kila baada ya siku mbili tatu, majuma kadhaa mfululizo, maana ikichelewa hunenepa na broka huikataa. Dawa nayo ina masharti yake: ukishapuliza, kuna siku za kungoja kabla ya kuchuma, nyingine wiki nzima na zaidi. Nani angoje wiki nzima na ganda linanenepa?

Dawa iliyowaletea wakulima hao kizaazaa ni dimethoeti, iliyoingia sokoni miaka ya 1950. Ukoo wake ni organofosfati, ule ule uliompa Mjerumani Gerhard Schrader sumu ya vita iitwayo tabun mwaka 1936, naye alikuwa akisaka dawa ya wadudu tu. Dimethoeti hupenya majani ikatembea na utomvu, na kidukari akiufyonza hufa. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo balaa yake: mboga utaiosha kwa chumvi, kwa siki, hata kwa maji matatu, lakini dawa iliyokwisha kuingia ndani ya ganda haitoki.

Mishiri hiyo huuzwa Ulaya, na ukomo wa mabaki ya dimethoeti huko ulikuwa miligramu 0.02 kwa kilo ya maharagwe, yaani gramu moja katika tani 50. Maabara za huko zikawa zinakuta zaidi ya hapo, na kuanzia Januari 2013 asilimia 10 ya shehena za mishiri na njegere za maganda kutoka Kenya zikawa zinapimwa mpakani. Nairobi ikapiga marufuku dimethoeti kwenye matunda na mboga. Baadhi ya wasafirishaji waliwatema wakulima wadogo. Kusimamia shamba moja kubwa ni rahisi kuliko kufuatilia vishamba mia.

Wapo walioyaita hayo figisu za biashara. Pengine biashara haikukosekana. Lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haiwezi kutaja kiwango chochote cha dawa hiyo kilicho salama kwa mlaji, kwa kuwa shaka kwamba huharibu vinasaba haikuondoka. Omethoeti, inayozaliwa dimethoeti inapovunjika, ilitiliwa shaka kubwa zaidi. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukakataa kuiongezea dimethoeti kibali.

Kinachonikera ni kwamba Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti dawa hizi tangu 1982. Miaka 30 baadaye, kilichotutikisa ni sahani ya Mzungu, si sufuria zetu. Sukuma wiki inayoshushwa soko la Marikiti, Nairobi, alfajiri haivuki mpaka wowote, wala mama mboga hana maabara kibandani.

Basi ukinunua mboga shambani, kabla hujauliza bei, muulize mwenye shamba alipuliza lini.