Manolete na Mama Yake

Leo tutasoma habari za mtu wa Hispania, Manuel Rodríguez, aliyeitwa Manolete.

Manolete alizaliwa mwaka 1917 katika mji wa Córdoba. Kazi ya jamaa zake ilikuwa kupigana na fahali uwanjani, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Mpiganaji humchezesha fahali kwa kitambaa, kisha humwua kwa upanga.

Mama yake, Bi Angustias, aliolewa kwanza na mpiganaji wa fahali, akafiwa. Akaolewa na mpiganaji mwingine, ndiye baba yake Manolete. Huyo naye alikufa mwaka 1923. Wote wawili walikufa kwa maradhi, si kwa pembe. Mjane akabaki na watoto na umaskini.

Manolete alipokua alishika kazi ya baba yake. Mwaka 1939 alipewa daraja ya mpiganaji kamili. Alisimama wima bila kusogeza miguu, fahali akapita karibu na nguo zake. Akapata fedha nyingi, akamnunulia mama yake nyumba.

Tarehe 28 Agosti 1947, katika mji wa Linares, alimchoma upanga fahali aitwaye Islero. Papo hapo fahali akamchoma pembe pajani. Fahali alikufa. Manolete naye alikufa alfajiri ya pili yake, mwenye umri wa miaka 30.

Sasa zungumzeni darasani. Kazi iliyomlisha Bi Angustias ndiyo iliyomnyang'anya mwanawe. Je, ninyi mngemshauri nini kijana yule?