Mashine ya moyo na wazee wetu: ilitoka wapi, inamfaa nani

Tangu tulipozungumza redioni juu ya ugonjwa wa moyo kuchoka, swali moja limerudi mara nyingi. Mzee ana miaka 80, miguu imevimba, pumzi ni fupi, usiku analala akikaa. Watoto walio ng'ambo wanataka kulipa awekewe "mashine ya moyo". Je, inafaa? Kwanza tujue kwamba si mashine moja. Ni tatu, na kila moja ilitengenezwa kwa shida yake.

Ya kwanza ni pesimeka. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska inchini Sweden, munganga Åke Senning alimpasua Arne Larsson, mwanaume wa miaka 43, akamwekea kimashine kilichotengenezwa na injinia Rune Elmqvist. Moyo wa Larsson ulikuwa unasimama-simama, anazimia mara nyingi kwa siku moja. Mke wake, Else-Marie, ndiye aliyewasumbua wale wawili mpaka wakakubali. Elmqvist alimimina plastiki ya maji ndani ya kikopo cha kiwi, ile ya kupaka viatu, ikaganda pamoja na batri na nyaya zake. Kimashine hicho kilikufa baada ya masaa machache. Wakaweka kingine. Larsson alipitia pesimeka 26, akaishi kuwapita Elmqvist na Senning wote wawili, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa kansa ya ngozi.

Marekani nako, katika mji wa Buffalo, mwaka 1960 pesimeka ya injinia Wilson Greatbatch iliwekwa kwa mzee wa miaka 77. Basi kwa pesimeka, uzee haukuwa kizuizi tangu mwanzo. Moyo unaopiga taratibu mno unapewa mapigo, mtu anaacha kuanguka-anguka. Kazi ni hiyo tu, na inaonekana upesi.

Ya pili ni tofauti kabisa, na hapa ndipo familia nyingi zinachanganya. Munganga Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw, alimpoteza mkubwa wake wa kazi mwaka 1966: moyo wa yule mzee uliingia katika kutetemeka ovyo, akafa ghafla. Mirowski akataka mashine inayokaa kimya kifuani, ikingojea siku hiyo, ipige shoti ya umeme. Wakubwa wa fani walimpinga, lakini tarehe 4 Februari 1980, huko Johns Hopkins, Baltimore, iliwekwa kwa mtu mara ya kwanza. Sikilizeni vizuri: mashine hii inazuia kifo cha ghafla. Haiongezi pumzi, haipunguzi uvimbe wa miguu.

Ya tatu ilieleweka Ufaransa mwaka 1994, wakati Serge Cazeau na wenzake walipoonyesha kwamba moyo uliochoka, ambao upande wa kushoto na wa kulia haupigi pamoja, unaweza kupangwa upya kwa nyaya za ziada. Mwaka 2005 uchunguzi mkubwa wa Ulaya juu ya wagonjwa 813 ulithibitisha: pumzi inarudi, na vifo vinapungua. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa chini ya miaka 70. Wazee kama yule wa swali letu walikuwa wachache humo.

Mwaka 2016 Wadenmark walileta habari iliyosumbua wengi. Waligawanya wagonjwa 1116 wenye moyo uliochoka bila mishipa ya moyo kuziba. Nusu hivi wakapewa mashine ya shoti. Kwa jumla, vifo havikupungua. Faida ilionekana kwa wale wenye umri mdogo zaidi. Sababu yake hata mama wa sokoni anaielewa: mashine inaziba mlango mmoja, na mzee dhaifu ana milango mingi. Nimonia, figo, kuanguka na kuvunjika nyonga.

Nimesema dhaifu, sikusema mzee. Mwaka 2001 munganga Linda Fried wa Marekani aliandika alama tano: kupungua uzito bila kutaka, kuchoka kila wakati, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole, kutofanya kazi ya mwili. Mwenye tatu ao zaidi ni dhaifu. Kuna bibi wa miaka 85 anayelima shamba lake, na kuna wa miaka 68 asiyefika mlangoni. Kwa mawazo yangu, munganga anayeuliza miaka tu, bila kumwona mgonjwa akitembea, hajauliza kitu.

Nyaya nyingi za mashine hizi zina kobalti ndani yake. Sisi wa inchi ya Kolwezi tunaijua inapotoka. Mashine yenyewe, wengi wetu hatujawahi kuiona.

Basi kabla ya kulipa, muulize munganga ni ipi kati ya hizo tatu, na itamwondolea mzee nini. Kama ni ya shoti, uliza pia nani ataizima siku zake za mwisho, maana inaweza kumpiga mtu anayekata roho. Tangu 2010 wataalamu wa Marekani wameandika wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuomba izimwe. Haihitaji kisu. Inazimwa kwa kompyuta ndogo iliyowekwa karibu na kifua, na kama kompyuta haipo, sumaku ya kazi hiyo ikiwekwa juu ya mashine inasimamisha shoti wakati wote inapokaa pale.