Duru, Wala Si Kitanzi

Katika makala moja ya Kiswahili iliyoandikwa kuisifu Alcachofa, albamu ya kwanza ya Ricardo Villalobos, iliyotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Playhouse ya Frankfurt, nimesoma kwamba fundi huyo huwakeshesha wachezaji wa klabu kwa vitanzi vyake, akikaza kimoja na kulegeza kingine hata kunapambazuka. Mwandishi simtaji, kwa kuwa ni kijana, na adabu ya kalamu ni kumsitiri anayejifunza. Wala kosa si lake peke yake. Lakini namwomba msomaji aizingatie sentensi ile. Villalobos alizaliwa Santiago, mji mkuu wa Chile, mwaka 1970, na mwaka 1973, Jenerali Pinochet alipoipindua serikali ya Rais Allende, wazee wake walimchukua wakakimbilia Ujerumani, huku nyuma Uwanja wa Taifa wa mji ule, uliojengwa kwa ajili ya mpira, ukigeuzwa kuwa kambi ya kuwafungia na kuwatesa watu. Mtoto aliyenusurika na nchi ya namna hiyo akakua ugenini, akajifunza kazi, akatoa albamu ya kuwachezesha watu, nasi kwa lugha yetu tukufu tukampa kazi ya kuwatia watu vitanzi. Kabla halijawa kosa la lugha, hilo ni kosa la murua.

Neno lenyewe kijana aliliokota mahali, na mahali hapo napajua. Limo katika orodha ya istilahi za kompyuta iliyotungwa na jopo la mabingwa ambao yamkini hawajapata kukesha ngomani hata usiku mmoja, waliolitazama neno la Kiingereza loop, ambalo kwa wanamuziki ni kipande cha sauti kinachorejea, wakaona kamba iliyopindwa, na kwa kuwa saa ya chai ilikuwa imekaribia, wakaandika kitanzi wakaondoka. Nilipowaandikia, kwa taadhima zote, kuwajulisha kwamba lugha hii inalo neno bora kuliko hilo, nalo ni duru, la kale, lenye nasaba inayofahamika, na ambalo baba yake alikwisha kuitumikia kazi hii hii ya muziki kabla Columbus hajang'oa nanga, walininyamazia. Baadaye mmoja wao, ambaye hapo awali alikuwa sahibu yangu, alisema mbele ya kadamnasi kwamba wako wazee wanaotaka kuirudisha lugha jangwani. Maneno hayo nimeyasamehe. Sijayasahau.

Sina ugomvi na kitanzi mahali pake. Kitanzi cha kifungo cha kanzu ni kitanzi, cha mtego wa ndege ni kitanzi, na cha mnyongaji, Mungu atuepushe, ni kitanzi vile vile. Lakini tazama sifa inayoviunganisha vyote vitatu: kitanzi hukamata, na kikiisha kukamata hutulia. Dawa yake ni kutanzua, neno ambalo hata leo twalitumia kwa mambo yaliyofungamana yakashindwa kwenda; basi sauti iliyoingia kitanzini haina budi kukaa humo ikimngoja wa kuitanzua. Sauti hii tuisemayo sisi haimngoji mtu. Inakwenda, inazunguka, inarudi ilikotoka, na kila irudipo ndipo mguu hupata idhini ya kukanyaga tena.

Wanaokitetea kitanzi hudai kwamba Wazungu wenyewe walianza na utepe wa sumaku, wakaukata, wakaunganisha ncha kwa ncha, ukawa mfano wa kamba iliyofungwa. Hoja hii ingekuwa na uzito lau utepe ungekuwa wa kwanza. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, ambaye tungo zake za makelele zilisikika hewani mwaka 1948, alianza na sahani ya santuri, ambayo mfereji wake, badala ya kujisogeza kuelekea katikati kama ilivyo ada, ulifungwa ukajirudia wenyewe, hata sindano ikitiwa humo haina njia ya kutoka, ikawa inasoma kipande kile kile maadamu sahani yazunguka. Asili ya jambo, basi, ni duara iliyochongwa, si kamba iliyopindwa. Na waliokwenda kuitafuta kamba walikuja nusu ya hadithi imekwisha simuliwa.

Na duara na duru ni ndugu wa tumbo moja. Mzizi wao katika Kiarabu ni herufi tatu, dal, wau na ra, zenye maana ya kuzunguka na kurejea, na katika tumbo hilo Waswahili tumechukua watoto wengi kuliko tunavyodhani. Tumechukua duara, tumechukua duru, na kuduru ambako ni kuzunguka, tumechukua mdawari, umbo la mviringo, tumechukua mudiri, ambaye huko Unguja zamani za Sultani alikuwa mtawala wa wilaya, na ambaye maana ya jina lake ni mwenye kuyazungusha mambo, nao wako mamudiri walioyazungusha hata yakasahaulika yalipoanzia. Fauka ya hayo, wenye kamusi za Kiarabu huiweka nyumba, yaani dar, katika mzizi huo huo, kwa hiyo kila mjumbe wa jopo anayekiandika kitanzi akiwa Dar es Salaam amelikalia kitako lile neno analolikataa.

Kwa wanamuziki neno hili lina historia yake ya pekee. Safi al-Din al-Urmawi, mtu ambaye nisba yake ni ya mji wa Urmia lakini makazi yake yalikuwa Baghdad, na ambaye alisalimika Wamongolia walipouvunja mji huo mwaka 1258, aliandika kitabu alichokiita Kitab al-Adwar, ndiyo kusema Kitabu cha Duru. Humo mapigo ya ngoma aliyachora kwa miviringo: pigo na kimya, pigo na kimya, yakifuata ukingo hata mwisho ukaukuta mwanzo. Zaidi ya miaka 700 kabla ya mashine za ngoma za Kijapani, mtu huyo alikwisha kuona kwamba mdundo unaorejea haufai kuandikwa kwa mstari, kwa kuwa mstari una pa kuishia. Naye pia alikuwa mgeni mjini, jambo ambalo nalitaja kwa faida ya wale wadhanio kwamba mhajiri huingia mji wa watu mikono mitupu.

Neno likatembea. Katika Misri ya karne ya 19 dauri ikawa jina la aina ya wimbo uliopendwa Cairo, na ni Cairo hiyo ambako Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi; tena mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na taarabu ikapata nyumba. Haya wanayajua watoto wa shule. Wasilolifikiri ni kwamba taarabu hiyo hiyo, ilipofika Uswahilini mwa Dar es Salaam, katika sherehe za mtaani za kukesha ziitwazo vigodoro, ilikatwa vipande na vijana: walichukua sehemu ya ala isiyo na mwimbaji, wakairejesha na kuirejesha, wakaiharakisha kwa kasi ya kutisha, na mwenye kughani akasimama juu yake, ndiyo singeli, ambayo mwaka 2017 mkusanyiko wake ulioitwa Sounds of Sisso ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala ukasikilizwa mpaka Ulaya. Kwa hiyo duru ilikuja pwani ndani ya taarabu kama neno la wataalamu wa nyuzi, na vijana wakaitoa humo humo ndani ya taarabu kama kazi ya mikono, bila ya kuambiwa na mtu. Wao wenyewe husema lupu. Siwakasirikii, maana mwenye kazi usiku hana muda wa kuingoja kamati.

Turejee kwa Villalobos, tusije tukamsahau mwenye shughuli. Yeye alianza utotoni kwa ngoma za konga, ambazo nasaba yake yapita Cuba na kurudi kwa watu wa Kongo waliovushwa bahari utumwani, na katika Alcachofa mna utungo mmoja, Fools Garden, uliopachikwa jina la konga nyeusi kuwa lakabu yake. Ukiusikiliza ule wa kufungulia, Easy Lee, utasikia sauti ya mtu iliyopitishwa katika vokoda hata maneno yakapoteza mifupa, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, ilhali chini yake ngoma huongezwa na kupunguzwa kwa kadiri ndogo mno, hata msikilizaji hawezi kuonyesha ni dakika ipi utungo uligeuka ukawa mwingine. Ajualo ni kwamba umekwisha geuka. Utungo wa Dexter ni hivyo hivyo, ila una huzuni zaidi, na mimi naupenda zaidi. Hapo ndipo penye siri ambayo kitanzi hakiwezi kuibeba. Duru huhesabika. Twasema duru ya kwanza, duru ya pili, duru ya tatu, na kila asemaye hivyo amekiri kwamba njia ni ile ile lakini mpito ni mwingine, na kwamba anayepita amebadilika kwa kupita. Nani amepata kusema kitanzi cha tatu akakusudia kuwa ni kile kile cha kwanza kilichorudi? Mwaka 2006 bwana huyu alitoa utungo uitwao Fizheuer Zieheuer, wa dakika 37, ambao kiini chake ni vipande vya tarumbeta za Balkan vikija na kutoweka. Watu waliuchezea wakarudi kwao salama. Kitanzi cha dakika 37 kingemuua mtu.

Na jina la albamu, ambalo mwandishi wetu alilipita upesi kana kwamba ni jina la duka, ndilo lingemfunza. Alcachofa ni Kihispania cha mboga ile ya magamba magamba ipendwayo kando ya bahari ya Mediterania, na Wahispania walilipata neno kwa Waarabu wa Andalusi, waliosema al-kharshuf. Herufi mbili za mwanzo, kama ilivyo kwa maneno mengi ya Kihispania, ni kibainishi cha Kiarabu kilichosahauliwa kuvuliwa mlangoni. Waitalia wakalipotoa kwa namna yao, Waingereza wakalipotoa lililopotolewa na Waitalia, na mwishowe likarudi kwa Waarabu wa Shamu likiwa limevaa nguo za kigeni hata wenyewe hawakulitambua, wakalisikia kama ardi shauki, yaani kitu cha ardhini chenye miiba, wakalipokea upya. Likatoka, likazunguka, likarejea si lile lililotoka. Mtu alichukua neno la Kiarabu lililopita Hispania likafika Chile, akalipeleka Ujerumani, akaliweka juu ya albamu iliyojaa duru. Nasi wenye duru katika kamusi zetu twamletea kamba!

Zimetajwa pingamizi, nazo nitazijibu kwa ufupi zinaostahiki. Wasema kwamba duru imekwisha shughulishwa na uchaguzi na mashindano. Ndiyo, na mkono umeshughulishwa na kanzu, na haujaacha kuwa mkono wa mtu. Wasema kwamba watangazaji wana duru za kuaminika ambazo huwaletea habari, kwa hiyo watu watachanganyikiwa. Msikilizaji wa klabu saa tisa za usiku hazitafuti duru za kuaminika, na akizitafuta amekosea mlango. Mmoja, mwenye shahada, alisema kwamba kudurisha kutafanana na kudurusu. Kwake yeye kusingedhuru. Ama wale wanaopendekeza mzunguko, hao ni watu wa heshima, nami nawaambia tu kwamba neno hilo limekwisha pewa damu, fedha, barabara na mambo ya wanawake, na mnyonge huyo hawezi kubebeshwa na ngoma pia. Marudio ndiyo mabaya kuliko yote, kwani anayerudia kwetu ni yule aliyefeli.

Kwa matumizi: duru hii, duru hizi, duru ya baa nne, kudurisha kipande, kipande kilichodurishwa. Albamu ya klabu iitwe hivyo hivyo, na yeyote atakayeandika kilabu akumbuke kwamba huko bara kilabu ni mahali pa kunywea pombe ya kienyeji, ambako pia huchezwa, lakini si kwa Villalobos. Prodyuza abaki prodyuza mpaka wanaomwita mtayarishaji watueleze anamtayarishia nani, ikiwa mtunzi, mpigaji na fundi wa mitambo ni yeye yule mmoja. Ama sampuli, ambayo jopo limeipa tafsiri nisiyoweza kuiandika katika jarida linalosomwa na watu wazima wenye maradhi ya moyo, hiyo nimekwisha kuwapelekea waraka mwingine, mrefu kuliko huu, nao bado wanausoma.