KIGEGO WA ZAMANI NA KIINITETE CHA LEO



Ndugu zangu katika imani, nimeletewa swali zito. Mume na mke wametafuta mtoto wa pili kwa miaka, na sasa wanataka mimba ya kupandikizwa. Mtoto wao wa kwanza ana ualbino. Wamesikia kwamba zipo nchi ambako viinitete hupimwa vinasaba kabla ya kuwekwa tumboni, kikachaguliwa kisicho na ualbino. Je, wafanye?

Kabla ya jibu, twende kwenye historia, maana kuchagua mtoto yupi apokelewe hakukuanzia maabara.

Kiswahili chetu kina neno kigego. Ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki walimwona ni nuksi, na wapo waliomuua au kumtupa porini. Mtoto yule hakuwa na ugonjwa wowote. Waarabu wa Jahiliyya nao walizika mabinti wakiwa hai, mpaka Surat At-Takwir ikawakumbusha kwamba binti yule ataulizwa aliuawa kwa kosa gani. Unaona mfano, ndugu yangu? Watu kwanza wanaamua nani ni mzigo, halafu mkono unafuata.

Uislamu ulikuja na desturi nyingine. Ibn Umm Maktum, Allah amridhie, alikuwa haoni. Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake, akawa mwadhini pamoja na Bilal, na Bwana Mtume (s.a.w.) akamwachia Madina alipokuwa safarini. Baadaye akaja Ata bin Abi Rabah, mufti wa Makka. Wanahistoria wanamweleza: mweusi, chongo, pua bapa, mkono umepooza, anachechemea, na uzeeni akapofuka. Wanasimulia kwamba wakati wa Hija ilitangazwa asitoe fatwa mtu mwingine ila Ata. Makhalifa walikwenda kwake kujifunza.

Sasa tuje karibu. Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara. Mwaka 1986 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu walikutana Amman, wakaruhusu tiba hiyo kwa mbegu za mume na yai la mkewe tu, ndani ya ndoa. Wakakataa mtu wa tatu. Mwaka 1990, London, wakazaliwa watoto wa kwanza baada ya viinitete kupimwa, ili kuepuka maradhi yanayowapata watoto wa kiume.

Kisha yakatokea ya kinyume. Mwaka 2002 dunia ilisoma habari za wawili kule Marekani, viziwi wote, waliotafuta kwa makusudi mbegu za kiziwi ili wapate mtoto kiziwi. Walisema uziwi si ugonjwa, ni lugha na jamii. Mwaka 2008 Uingereza ikaweka sheria: kiinitete kinachojulikana kuwa na kasoro kubwa kisipendelewe mbele ya kisicho nayo. Mimi naheshimu viziwi na lugha yao ya alama. Lakini usikivu ni amana ya mtoto. Mzazi hana haki ya kumchagulia kuukosa ili afanane naye.

Turudi kwa waulizaji wetu. Ualbino hutoka kwa wazazi wote wawili. Wanaweza kuwa weusi na wazima kabisa, huku kila mmoja amebeba kinasaba, na katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne. Basi wewe mume unayemshuku mkeo kwa sababu ya rangi ya mtoto, mwogope Mungu. Umechangia nusu.

Kupima kiinitete ili kuepusha ugonjwa mkali kama selimundu, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaruhusu kwa masharti. Lakini ualbino si selimundu. Unadhoofisha macho, na ngozi inahitaji kinga ya jua. Kofia na mikono mirefu vipo, na hapa Moshi inatengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Kilichowaua ndugu zetu Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 2006 na 2007 kilikuwa panga, na mganga, na tajiri aliyetaka bahati. Hayo hayamo kwenye vinasaba vya mtoto, yamo kwetu. Mwaka 2010 watu wa Lindi walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Jua la Lindi ni lile lile. Mioyo ndiyo iliyokuwa tofauti.

Kwa hiyo sithubutu kuwaambia wazazi hawa ni haramu, wala sitawasukuma waende. Nawauliza wao na wewe msomaji: mnakimbia maradhi ya mtoto au maneno ya jirani? Kama ni jirani, maabara haina dawa yake. Na yule wa kwanza, aliye nyumbani sasa hivi, atakapokuwa mkubwa na kuuliza mdogo wake alichaguliwaje, mtamjibu nini? Jibu hilo liandaeni kabla ya kulipa nauli.

Na sisi majirani, tuwapunguzie wazazi sababu za kukimbia. Mtoto mwenye ualbino akija madrasa, mkalishe mbele aone ubao, mbali na dirisha la jua.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.